Lisila, Mwoka Mikate ya Mwezi

"Miungu wa kike wa mwezi, wote watatu, wanakula mkononi mwangu," Lisila alitamba kisimani pale bandarini Pireo, mbele ya wanawake na mitungi yao. "Nani kati yenu ana kinga kama hiyo?"

Hakudanganya sana. Kazi yake ilikuwa kuoka mikate mitamu ya sadaka. Wa Selene ulikuwa mviringo, mweupe, hauna taabu. Selene ndiye mwezi wenyewe, na akishapanda gari lake angani hana habari na mtu, ila na mpenzi wake aliyelala usingizi wa milele. Wa Artemi aliuzungushia vienge vidogo vya moto. Huyo ni mwindaji, bikira, na ajabu ya mambo, ndiye anayeitwa na wenye uchungu wa kuzaa. Wa Hekate aliuacha njia panda siku mwezi unapokufa, akaondoka bila kugeuka nyuma. Maskini waliula ungali moto, na sifa ya kushiba akapewa Hekate.

Mshika mbili moja humponyoka. Lisila alishika tatu.

Binti yake Kleito alishikwa na uchungu siku ya mwisho wa mwezi. Kufikia adhuhuri mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni, na mkunga Bito ameshindwa kumgeuza.

"Nimwite nani, mama mkunga?" Lisila aliuliza.

"Artemi. Si ndiye mwenye kazi?"

"Bikira yule! Uchungu kauonea wapi?"

"Basi Selene."

"Leo hayupo angani."

"Hekate je? Leo siku yake."

"Huyo huja na mizimu yake, Bito! Nimkaribishe chumba cha mzazi?"

"Si ulisema wanakula mkononi mwako? Waulize basi nani kashiba!" Kisha Bito akalainika. "Mwite yeyote, mwanangu. Mikono yangu imefika mwisho."

Lisila aliwaita mmoja mmoja, kisha wote kwa mpigo, sifa zikamchanganyikia. Selene akawa mwindaji, Artemi akawa malkia wa mizimu.

"Mama, nyamaza kidogo," Kleito alisema, jasho likimtiririka. "Nishike tu."

Akamshika. Hakuwa na jingine la kufanya. Jua lilipozama, Kleito na mtoto wake walikuwa wamekwenda pamoja.

Artemi hakosi chake. Anayejifungua salama humpelekea nguo ya shukrani, na aliyefia uzazini nguo yake hupelekwa vilevile. Lisila aliikunja kanzu ya sufu ya Kleito, akaipeleka mwenyewe hekaluni Brauroni. Alikuwa amemnunulia kwa drakma ishirini za fedha, pato la mikate ya mwezi.