Maji ya Moto Mwezi wa Januari

Hapana, Zuhura. Mtu wa miaka kumi na tisa anaruhusiwa kuwa na enzi zake, na zangu zilikuwa nzuri, na si kweli kwamba ndizo zinazomfanya Mama agome kwenda kliniki. Hivyo ndivyo nilivyomjibu mdogo wangu jioni hii, na kwa kuwa alibamiza mlango kabla sijamaliza, namalizia hapa. Mama anakohoa tangu baridi haijaanza. Kila tukimwambia akapimwe, anasema ni mapafu yana huzuni, anachemsha chai yake ya maganda ya machungwa, anarudi saluni. Zuhura anasema hayo ndiyo matunda ya utoto ninaousifia kila siku. Mimi nasema yeye alikuwa mdogo, hajui kitu.

Nyinyi mliokua nami hapa Johannesburg, mtaa wa Rosettenville, mtanielewa. Nazungumzia mwaka 2015, wakati saluni ya Mama ilikuwa inapakana ukuta kwa ukuta na duka la Mama Lin, yule Mchina aliyekuwa anauza mablanketi, ndala na maua ya plastiki. Mama alikuwa anasuka kutwa amesimama, jioni miguu imemvimba na tumbo limejaa gesi. Siku moja Mama Lin akaja na jagi la kitu cheusi kilichonuka kama kabati la zamani. Mama, mtu wa Tanga ambaye hanywi kitu asichokijua mama yake wala bibi yake, akanywa. Usiku ule alilala kama mtoto. Kesho yake tukaamka nyumbani kuna sheria mpya.

Sheria ya kwanza: maji baridi marufuku, yanazima moto wa tumbo. Ya pili: jioni miguu ndani ya beseni la maji ya moto na tangawizi, hata kama nje watu wanacheza. Ya tatu ndiyo niliyoipenda. Kila kiungo mwilini kina tabia yake. Ini lina hasira, figo zina woga, mapafu yana huzuni, bandama inawaza sana, na moyo ukizidi furaha nao unaharibika. Viungo vikipatana, mtu yu mzima. Vikigombana, unaumwa.

Basi kwetu hakuna aliyekuwa na kiburi tena. Nikimjibu Mama ovyo, hanipigi, ananitazama kwa huruma na kusema, "Ini lako leo limeamka vibaya, mwanangu. Kunywa." Chai ya maua ya njano. Nikifeli hisabati, "Hizo figo, Mwanaidi, zimeingia woga." Supu ya maharage meusi. Zuhura akilia kwa sababu nimemnyang'anya rimoti, tunachemshiwa wote wawili, yeye wa mapafu, mimi wa ini. Nilijaribu mara moja kusema sifui sare yangu kwa sababu bandama imechoka. Mama akasema bandama inapenda kazi.

Shuleni sasa. Januari, jua la Joburg linawaka hadi lami inanata, wenzangu wamepanga foleni spaza, kile kiduka cha mtaani, wananunua barafu za rangi, na mimi nimekaa kivulini na chupa yangu ya chai, nanywa maji ya moto, napuliza kabisa. Wakaniita Gogo, yaani bibi kizee. "Eish, Gogo, unataka na blanketi?" Nilijibu kwa ukali kwamba wao ndio watakaozeeka mapema, matumbo yao yameganda. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na niliamini nimeshika siri ya dunia.

Halafu nikajifunza ulimi. Mama Lin alikuwa akikwambia toa ulimi, anautazama, anajua. Ncha ikiwa nyekundu, moyo una joto. Pembeni, ini. Utando wa njano, tumbo linawaka. Nilimtazama akifanya hivyo mchana mmoja, nikahitimu. Wiki ile hakuna mteja aliyesukwa saluni bila kutolewa ulimi. Mama akaendelea kusuka, nadhani alijivuna.

Mgonjwa wangu mkubwa alikuwa Papa Kalala, fundi cherehani wa Lubumbashi aliyekuwa na meza yake barazani kwetu. Akaja kuomba mkasi, nikamwambia atoe ulimi. Njano! Njano mpaka ndani. Nikamwambia, kwa sauti ya daktari, kwamba tumbo lake linaungua na asiguse pilipili juma zima. Mtu mzima yule, mwenye kanisa na watoto, akanisikiliza. Akaacha pilipili. Kufikia Jumamosi alikuwa amekonda uso.

"Mutoto wewe," akaniambia, "nakula bukari bila pilipili sawa mugonjwa! Hata bibi yangu ananiuliza nimefanya zambi gani." Bukari kwao ni ugali, na bibi ni mke.

Mama Lin akamwita, akautazama ulimi, akaona mwekundu safi. Akaniuliza siku ile nilipomwona alikuwa amekula nini. Papa Kalala akajijibu mwenyewe: kota, ule mkate wa robo uliojazwa chipsi na achari. Achari ile ya hapa, inayopaka njano hata kucha. Mama Lin alicheka hadi akakalia ndala zake za kuuza. Kumbe ulimi hautazamwi mtu akitoka kula, na hilo ndilo somo la kwanza kabisa, ambalo mimi daktari sikulingoja.

Leo vijana wakiumwa wanaiuliza simu. Zuhura alikuwa na mafua, simu ikamwambia huenda ana ugonjwa wa nadra, akaandika wosia na kumwachia rafiki yake chaja. Huku mkononi ana kahawa ya barafu, mwezi wa Juni na baridi yake! Namcheka, lakini nampita miaka miwili tu na simu yangu nami naiuliza hayo hayo, nikiwa nimejifunika shuka.

Ila kuna kitu wakati ule kilikuwepo. Kila asubuhi kabla ya shule, Mama alitushika kidevu, akatugeuzia dirishani, akatutazama uso vizuri. Saluni ina wateja wanangoja, yeye anatutazama tu. Chai siitamani hata kidogo, ilikuwa kama kulamba mlango. Natamani kule kutazamwa.

Na Mama je? Bibi alifariki Tanga mwezi wa tatu, Mama hakuweza kwenda kuzika. Kikohozi kilianza baada ya hapo, kwa hiyo akisema mapafu yana huzuni simwoni mjinga. Ana huzuni kweli. Lakini amekonda, shanga za mkononi zinateleza, na jana Mama Lin mwenyewe alimkatalia maganda akamwambia safari hii apimwe kwanza. Mama akaitikia, akaenda kuyanunua kwingine. Kliniki anaiogopa. Anaogopa kufokewa Kizulu mbele za watu, asijue ameambiwa nini.

Zuhura anakijua Kizulu kama maji. Mimi najua kubishana na mtu yeyote kwa lugha yoyote. Na sisi wawili, wasomi, tumekigombania kikohozi cha Mama jioni nzima, kila mmoja akitaka kushinda, na yeye yuko jikoni anakohoa peke yake. Namsikia sasa hivi.

Nimegonga mlango wa Zuhura. Akaitika, "Nini tena, dada?" Nikamwambia asiende shule kesho. Akasema, "Sharp," yaani sawa, hakuuliza kwa nini.

Kesho asubuhi nitaamka kabla ya Mama. Nitachukua koti lake na ufunguo wa saluni, nitasimama mlangoni, na hata akinikasirikia sitatoka hapo mpaka tutoke wote watatu kwenda kupanga foleni.