Adabu Chini ya Mti Unaoanguka

Mwanangu, weka simu pembeni kidogo unisikilize. Ipo asubuhi moja ya kule Suma ambayo mpaka leo sijaisahau.

Nilikuwa bibi harusi mgeni, sijamaliza hata mwaka kwa mume wangu. Kabla ya hapo, nikiwa msichana pale Tukuyu, nilimwambia mzee mmoja, "Sit down!" vilevile kama mwalimu alivyotuambia sisi darasani. Waliojua Kiingereza wakacheka: "Binti, unamwamuru mzee kama mbuzi?" Niliona aibu, nikaapa sitamwamuru tena mtu mzima kwa lugha hiyo.

Ujue na jambo hili, maana vijana wa sasa mnalisikia tu. Kwetu Wanyakyusa mwanamke hasemi na baba mkwe wake. Hamtazami usoni, na wakikutana njiani yeye hukata kona. Baba mkwe naye hamtaji jina. Akiwa na neno hulipitisha kwa mama mkwe.

Basi asubuhi hiyo alikuja mama mmoja wa Kizungu, mwenye mvi, kuangalia migomba yetu. Mkalimani nikawa mimi. Kando ya shamba baba mkwe alikuwa anaangusha mkaratusi mkubwa, nami nikampa mgongo kama desturi inavyotaka. Mgeni akasogea, akainama kupiga picha ua la mgomba, mti ukiwa nyuma yake.

Mti ukalia, kwaa! Baba mkwe akapiga kelele kwa Kinyakyusa, hewani tu, bila kumtaja mtu: "Huyo mgeni aondoke! Mti unakuja huko!"

Neno la Kiingereza nililijua, nalo lilikuwa fupi: Run! Lakini mama yule alikuwa na umri wa bibi yangu, nami nikaanza kwa Kiingereza changu kizuri: "Samahani sana mama, naomba radhi kwa kukusumbua, ningependa kukuomba, kama hutajali..."

Akageuka, akatabasamu, akasimama palepale anisikilize mpaka nimalize. Mwanangu, adabu yangu ndiyo iliyompigilia pale kama msumari.

"Tumpe!"

Ilikuwa sauti ya baba mkwe, ikitaja jina langu. Nilishtuka kuliko nilivyoushtukia mti. Kabla sijageuka, mzee yule alikuwa amenipita mbio, akamkumba mgeni kwa bega, wote wawili wakaviringika kwenye majani makavu. Mkaratusi ukalala juu ya kapu ambalo mgeni alikuwa ameliweka chini, hatua moja kutoka kwenye viatu vyake.

Baba mkwe akainuka, akanipa kisogo, akafunika uso kwa kofia. Mgeni akawa anarudia ahsante.

Mchana mama mkwe akanikuta jikoni, ndizi mkononi, simenyi wala siweki chini.

"Baba yako anauliza: hicho Kiingereza chako kina salamu tupu?"

"Nilimheshimu, mama."

"Anasema nyumba ikiwaka moto hatupigi magoti kwanza. Na anasema yeye amevunja mwiko akakutaja jina. Wewe ulikuwa unatunza nini?"

Nyuma ya ukuta wa mianzi mzee akakohoa. Hakunitaja tena mpaka tulipomzika.

Baadaye nilifundisha Kiingereza miaka mingi, na somo la kuamuru sikuwahi kulifundisha bila kuuona ule mti. Kweli maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, lakini mti hauna masikio. Amri ya Kiingereza huanza na kitendo chenyewe, bila kumtaja anayeambiwa: Stop! Run! Ukikataza, tanguliza Don't. Penye hatari usiongeze chochote, hata kwa mkubwa wako. Ufupi ndio heshima yenyewe. Hatari ikipita, mgeni akiwa kivulini anangoja chai, hapo lete Please, na sauti yako ishuke: Please sit down. Kumbe nilichokosea kwa yule mzee wa Tukuyu kilikuwa kidogo hivyo. Neno moja tu lilipungua, nami nikalilipa kwa maneno ishirini mahali pasipo pake.

Mungu aupe ulimi wako upole wa kutosha na haraka ya kutosha, na asikuonyeshe nilichokiona mimi. Sasa simama, toka mlangoni, useme mara tatu kwa sauti itakayofika mtoni: Stop!