Kopo la Majivu Mlangoni

Mtaa wetu wa Kamunyonge ni mawe matupu. Ukichimba shimo la choo, jembe linagonga mwamba kabla jasho halijakutoka, kwa hiyo mume wangu alijenga choo cha kupanda ngazi, chenye vyumba viwili chini. Unatumia kimoja, ukimaliza haja unamwagia majivu. Kikijaa unakiziba mwaka mzima kigeuke mbolea, unahamia cha pili.

Kiwanda kiliposimama na mume wangu akakosa kazi, baba yake aliletwa kutoka Mugeta awe karibu na hospitali. Tumbo lilikuwa linamsumbua. Kwetu baba mkwe hachangii choo na mke wa mwanawe, hata iweje. Basi mume wangu akaweka ukuta wa mabati katikati, chumba cha pili kikawa cha mzee. Kisha akaenda machimboni kutafuta dhahabu, nikabaki na baba yake.

Hatukuwahi kushikana mikono. Kabla ya kupita alikohoa, nimpishe. Kazi yangu ilikuwa kuacha kopo la majivu mlangoni mwake, nalo halikukaa limejaa. Siku hizo sabuni ilikuwa haionekani, majivu ndiyo yaliyosugua sufuria, na mzee aliyamaliza asubuhi, akayamaliza tena mchana.

"Mama, majivu yameisha," alisema kutoka ndani.

"Naleta, baba."

Nilienda kuomba kwa jirani.

"Kwani huyo mzee anakulaga majivu?" aliniuliza. Nilicheka, lakini nilikuwa na hasira.

Alikufa mvua zilipoanza, tukamzika kwao Mugeta. Niliporudi nilikiziba chumba chake kwa udongo. Sikulia. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa hadi ukafa ganzi.

Mwaka uliofuata sabuni zilirudi madukani, za kila rangi, na chumba chetu kikajaa hadi juu. Ilibidi cha mzee kifunguliwe. Mume wangu alikuwa bado machimboni, alituma salamu tu. Kibarua ningeweza kumpata, lakini vibarua husimulia vilabuni. Na mimi niliogopa kuiona kwa macho yangu aibu ya mtu ambaye sikuwahi hata kumwona akila.

Nikajifunga kanga puani, nikavunja udongo wa mlango mdogo wa nyuma, wa kutolea mbolea.

Hakukuwa na harufu. Koleo la kwanza lilitoka na majivu, la pili pia. Nilichota hadi jua likawa utosini, nikiisubiri ile aibu, na kila nilipochimba mzee alikuwa ameshaifunika, hata ya zile siku za mwisho ambapo kikombe cha uji kilimshinda kuinua. Kumbe alijua kuwa mwanawe hatakuwepo, na kwamba atakayefungua ni mimi.

Nilimpenda siku hiyo, mwaka mzima baada ya kumzika. Kabla ya kuchota tena nilikohoa, kama alivyokuwa akifanya yeye, nikangoja kidogo, kisha nikaendelea.