Kaktasi Iliyooza Barazani

Dada yangu alipoondoka nyumbani Bugarama kwenda kuanza maisha ya utawa, alituachia kaktasi yake katika chungu cha udongo. Aliilea tangu ikiwa fupi kama kidole, na kufikia siku anaondoka ilishapita urefu wa mkono wangu. Nilimwahidi kwamba nitaitunza.

Masika yalipokolea ikaanza kuinama. Nilidhani ina kiu, kumbe udongo ulikuwa chapachapa. Nikaibonyeza shina kwa kijiti, kikazama. Yakatoka maji ya kahawia yanayonuka kama viazi vilivyooza.

"Itupe," mama akasema akiwa mlangoni. "Hiyo imekwisha."

"Siitupi, mama."

Nikaizungushia gazeti kukwepa miiba, nikaing'oa. Mizizi ilikuwa myeusi, inakatika ukiigusa tu. Tundu la chini ya chungu lilikuwa limezibwa na udongo mzito wa shambani. Lakini chungu kilikaa barazani, chini ya bati, mvua haikifikii. Maji yote hayo yalitoka wapi?

Nikamtazama mama. Alikuwa anasokota ncha ya khanga yake.

"Huwa naimwagilia kila asubuhi nikishasali," akasema taratibu. "Naona kama nampa dada yako uji."

Nikamsogezea kigoda, akaketi karibu yangu.

Nikafuta kisu kwa spiriti, nikakata shina juu ya palipooza. Ndani palikuwa na duara la kahawia. Nikafuta kisu tena, nikakata juu zaidi. Doa bado lilikuwepo.

"Utaimaliza!" mama akasema.

"Nikiacha doa hata dogo, itaoza yote."

Nikaendelea kukata hadi nyama ikawa safi, kijani tupu. Kilichobaki kilikuwa kipande kifupi kama kiganja. Tukakiweka kivulini kidonda kikauke. Mama alitaka tukipande haraka. Nikakataa mpaka pale palipokatwa pakawa pagumu kama ngozi. Hapo ndipo nilipozibua tundu la chungu kwa msumari, nikachanganya mchanga wa mtoni na changarawe, vipande vya mkaa na udongo kidogo, nikakipanda kikiwa hakina mzizi hata mmoja.

Nikampa mama kijiti kikavu. "Kabla ya kumwagia, chomeka hiki hadi chini. Kikitoka na udongo, acha. Kikitoka kikavu, mpe maji."

"Na nikimkumbuka mwenzako udongo haujakauka?"

"Niite, tukae wote hapa barazani."

Akaniita mara nyingi. Siku nyingine tuliongea habari za dada, siku nyingine tulimenya maharage tu.

Kiangazi kilipoanza nilikuwa nalima, nikasikia mama anapiga kelele kwa Kihangaza, lugha yetu, kutoka nyumbani. Nikatupa jembe nikakimbia. Nikamkuta ameinama juu ya chungu, vidole viwili vimeshika kaktasi katikati ya miiba, anaivuta polepole.

"Haing'oki!" akasema. "Njoo uvute na wewe, haing'oki!"