Ngoro Nne kwa Siku

Wifi yangu alinisema kanisani, mbele ya akina mama wote, kwamba saratani imekwisha ila uvivu umebaki. Nilikuwa nimemaliza mionzi ya saratani ya shingo ya kizazi na kuruhusiwa kurudi nyumbani Matiri, lakini kunyanyua ndoo moja tu kulinilaza kutwa nzima. Usingizi haukuuondoa uchovu ule. Nilimchukia wifi tangu Jumapili hiyo, wala sitajifanya kwamba sikumchukia.

Tena alitaka kuninyang'anya shamba langu. Marehemu mume wangu aliniachia kipande mlimani, na kwetu Umatengoni mwanaume hufyeka majani na kuyapanga miraba, kisha mwanamke huchimba ngoro, yale mashimo yanayozuia maji yasibebe udongo. Kaka yangu alishanifyekea. Wifi, dada mkubwa wa marehemu, akatamka kwamba ngoro zisipokamilika kabla ya kupanda maharage, shamba atapewa jirani anayejiweza.

Kesho yake nilichimba kwa hasira tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Ngoro kumi na moja. Halafu nikalala siku nne nikinyweshwa uji, na wifi akapita nje akicheka na wenzake.

Nikateremka ziwani, kwenye kliniki ndogo ambako muuguzi mmoja aliwafundisha wagonjwa wa saratani kujitunza, na kuwachoma sindano nyembamba kama unywele, zisizo na dawa ndani. Aliniambia wazi kwamba sindano haziponyi saratani. Kwa wengine hupunguza uchovu. Alinichoma miguuni na mikononi, akaniacha nimelala.

"Mama, mbona umekunja uso? Zinauma?"

"Haziumi. Namfikiria wifi yangu. Nilichimba ngoro kwa hasira yake, nikalala siku nne."

"Basi mfikirie polepole," akasema, akavuta kiti. Akanifundisha kugawa kazi, kutembea kidogo kila siku, na kupumzika kabla sijachoka. "Siku ile ulichimba ngoro ngapi?"

"Kumi na moja."

"Sasa ni nne. Hata ukiona una nguvu za tano, chimba nne."

Nilimtii kwa ajili ya kisasi. Nilichimba mbili, nikakaa kwenye kigoda, nikachimba mbili, nikarudi nyumbani. Kila wiki niliteremka kuchomwa sindano. Uchovu haukuisha, ila ulipungua makali. Watu waliponiona nimekaa walimpelekea wifi habari, nami nikawaacha wapeleke. Haba na haba hujaza kibaba.

Msimu wa maharage ulipokaribia, wifi alikuja na yule jirani, jembe begani, amwonyeshe mipaka. Walikuta mlima mzima umechimbwa, imebaki ngoro moja, nami nimekaa kigodani.

"Shikamoo wifi," nikasema bila kuinuka.

"Marahaba. Inuka, tuna maneno na wewe."

"Napumzika. Nisubirini."

Walisimama juani. Jirani aliutazama mlima, akaniangalia mimi, akaaga akaenda zake. Wifi akabaki, na kivuli kilikuwa mbali.

Sikuwa nimechoka hata kidogo. Nilikaa mpaka jasho lilipomtiririka shingoni, ndipo nikainuka nikachimba ile ya mwisho miguuni pake. Tangu hapo nimekwenda kuungama mara nyingi, na dhambi hiyo sijaitaja hata siku moja.