Kwa Hadija, aliyemtoa Wetaka gerezani

Watu wangu, mimi bado sijakubali.

Jana tumemzika Hadija hapa Malukhu, na leo asubuhi nimempigia simu kumuuliza faili la kesi yetu ya Tororo liko wapi. Simu ikaita mpaka ikakata. Ndipo nikakumbuka.

Presha, wanasema. Mtu aliyekuwa anawapandisha mahakimu presha, presha ndiyo imemchukua. Ee Mola.

Kwa wasiomjua: Hadija alikuwa wakili. Mimi pia ni wakili, na tuligawana chumba kimoja cha ofisi juu ya duka la jumla mjini Mbale. Wateja wake walikuwa wale wanaokaa rumande bila mtu wa kuwauliza hali. Mmoja alitushukuru kwa bata mzinga mzima, na bata huyo akashinda anatufukuza ofisini.

Alikuwa mbishi, jamani! Ukimwambia kesi fulani imekufa, anakujibu, "Umeiosha? Umeikafini? Basi haijafa."

Na hakuanza na faili hata siku moja. Alianza jikoni kwa ndugu wa client. "Faili limeandikwa na waliomfunga," aliniambia. "Mimi nataka kuwasikia waliomlisha."

Hivyo ndivyo tulivyofika kwa shangazi yake Wetaka.

Wetaka ni fundi wa magari Bugembe, kule karibu na Jinja, mbali na kwao. Duka lilivunjwa, mwenye duka akapigwa, akaapa kwamba aliyemwona gizani ni Wetaka. Kortini Wetaka alijitetea kwa maneno machache tu: nilikuwa kwetu Mbale, nilikuwa mgonjwa. Mgonjwa wa nini? Kimya. Nani alikuona? Kimya. Akafungwa.

Mimi nilisema huyu amejifunga mwenyewe. Hadija akanivuta mpaka juu mlimani, kwao Wetaka. Shangazi mtu akatupikia malewa, yale machipukizi ya mianzi, akawa anaongea huku anakoroga chungu.

"Huyo mtoto? Mwezi ile mimi ndo nalisha yeye na mkono yangu. Yeye hapana gusa chakula, walikuwa bado kumnawisha."

Hadija aliacha kutafuna.

Kwa wasio Wagisu, niwaeleze. Kijana akitahiriwa kwenye imbalu yetu, anasimama wima mbele ya watu bila kutikisika, kisha hagusi chakula kwa mkono wake mpaka anawishwe. Analishwa. Lakini Wetaka hakuwa kijana. Alikuwa na ndevu, mke na watoto. Miaka yote alikimbia kisu, na kule Bugembe aliwadanganya mafundi wenzake kwamba alishapita zamani. Akaja nyumbani kwenye matanga, mwaka wa imbalu, wajomba wakamkamata kwa nguvu.

Usiku duka linavunjwa Bugembe, yeye alikuwa amelala kwa shangazi yake, hata kutembea hawezi.

Na mtu huyu aliona heri jela kuliko kusema hayo mbele ya watu. Mgisu mwenzangu unayesoma, wewe unaelewa. Wengine mtanisamehe.

Tukaenda kumwona gerezani Jinja. Hadija akaniambia, "Isma, muulize wewe, mwanaume kwa mwanaume." Banange! Nilianza na habari za mpira. Nikaendelea na habari za mpira. Mwishowe Hadija akanisukuma pembeni.

"Wetaka, nimekula malewa ya shangazi yako," alimwambia.

Wetaka alifunika uso.

"Wakili, wacha tu. Mimi namaliza kifungo yangu. Hii maneno ikitoka, watoto yangu watachekwa."

Nilidhani Hadija atambana, maana namjua. Hakumbana. "Siri ni yako, siitoi bila wewe," alisema. "Lakini leo wanaitwa watoto wa mwizi. Watu wakicheka, watachoka. Wizi hauchokwi."

Alirudi tena na tena, hata miezi ambayo presha ilimwacha bila nguvu. Wetaka akakubali, kwa sharti moja: watu wasiwepo. Kwenye rufaa Hadija alimwomba My Lord asikilize ushahidi huo mlango ukiwa umefungwa. Shangazi akaingia, ngariba akaingia. Wetaka akaachiwa huru.

Hadija alilia siku hiyo kuliko aliyetoka. Kisha akala kikomando, chapati za kukatwa na maharage, sahani mbili, akanikataza nisimwambie mtu, akisema wakili mwenye heshima zake haonekani na maharage kwenye hijabu.

Watu walimuuliza sana alishindaje. Alijibu "Mungu mkubwa" tu. Mimi mwenyewe sikuwahi kumsimulia mke wangu.

Sasa jana. Kaburi limeshafukiwa, dua imesomwa, watu wanaanza kutawanyika. Mtu akaomba aseme neno. Alikuwa Wetaka, amekuja kutoka Bugembe na mafundi wenzake wa gereji. Wazee wa Kigisu walikuwepo, mashehe, na mawakili wa suti.

Akavua kofia.

"Mimi naitwa Wetaka. Mimi walinitahiri kwa nguvu, niko na mke, niko na watoto. Nilikimbia kisu, alafu nikaona aibu, nikaingia jela na hiyo aibu. Huyu mama alijua yote. Hakuambia mtu. Leo nasema mimi mwenyewe, kwa mdomo yangu."

Hakuna aliyecheka. Nawaambia, hakuna. Fundi mmoja alimwekea mkono begani, na mzee wa kwao akasema kwa sauti, "Sasa umesimama."

Nilipomsindikiza barabarani nilimuuliza kama niyanyamazie haya. Akasema, "Wakili, andika. Na jina weka."

Basi nimeandika, na jina nimeweka.

Hadija, nina hasira, na sina wa kumkasirikia. Umetuachia watu wanaokusubiri nyuma ya milango, na sijui kama nina moyo wako. Nitajaribu.

Lala salama, dada yangu. Laiti ungemwona Wetaka jana.