Niliimba Lori Mbele ya Wakwe

Mkosaji ni mimi, na sitaki mtu mwingine abebe lawama hii. Si wazee, si Mwende, wala si gita. Nimekaa na jambo hili tangu mvua za mwaka jana, nimechoka kuchekwa bila kutoa upande wangu. Ingawa nikisema ukweli, upande wangu ndio unaochekesha zaidi.

Mimi ni kinyozi hapa Matiliku. Kwetu ni Kitui, lakini nimekata nywele huku Makueni miaka sita na watu wamenizoea. Ukija kwangu hutasikia muziki mwingine ila country. Nina kofia pana, nina mabuti marefu ambayo nayavaa hata jua likipasua mawe, na nina gita. Jumamosi hulipiga na bendi ya watu watatu katika hoteli moja huko barabara ya Mombasa.

Mwende nilimpata kupitia baba yake. Mzee Musembi alikuja kunyolewa siku moja, akakuta naweka nyimbo za zamani, akakataa kuinuka kwenye kiti hata nilipomaliza kumpangusa shingo. Ni mtu wa kanisa, pombe hajaionja tangu azaliwe, na country anaipenda kuliko wengine wanavyopenda ndugu zao. Tulipiga stori mpaka wateja wawili wakaenda kwa kinyozi wa pili wa hapo sokoni.

Tulikubaliana kwamba country ya siku hizi imeharibika.

"Hawa wa zamani walikuwa wanaimba pombe, ndio," Mzee aliniambia. "Lakini walikuwa wanajuta. Mtu anakunywa, anapoteza bibi, anapoteza shamba, analia. Hawa wa sasa wanakunywa na hawajuti. Wimbo inaisha na chupa bado iko kwa mkono."

Nilimuunga mkono kwa moyo wote. Nilimwambia nyimbo mpya zina vitu vitano tu: gari, bia, mto, barabara ya vumbi na msichana wa jeans. Wanavichanganya kama karata, wanavimwaga mezani, wimbo umepatikana. Yule msichana hana jina, hana mama, hana hata homa. Mzee alicheka mpaka akashika mbavu, na wiki iliyofuata akaja kunyolewa tena ingawa nywele hazikuwa zimeota.

Ndivyo nilivyoanza kualikwa kwake, na ndivyo nilivyomjua Mwende. Yeye hufanya kazi Kiboko, kwenye mashamba ya utafiti, kuchambua mbegu. Wikendi hurudi nyumbani. Tulipendana miaka miwili, na nikaamua kupeleka ntheo.

Kwa asiye Mkamba, ntheo ni mbuzi watatu. Ukishawapeleka na wakapokelewa, msichana amehesabiwa kuwa wako, hata kama mambo mengine yatafuata polepole. Majike wawili wanabaki kwa wakwe. Beberu anachinjwa siku hiyo hiyo na pande zote mbili zinamla pamoja. Yule beberu ndiye muhuri.

Mzee Musembi aliongeza sharti lake. Alisema hataki nisimame nitoe hotuba kama mwanasiasa. Nimwimbie binti yake wimbo nilioutunga mwenyewe. "Na iwe ya ukweli," akasema. "Kitu imekupata wewe. Usiniletee mambo ya jeans."

Alinipa miezi mitatu. Ndugu zangu, miezi mitatu ni mingi. Mtu anaweza kupanda pojo, akavuna, na akaweka ghalani. Mimi kila siku nilisema kesho. Ijumaa ya mwisho ilinikuta kwenye kiti changu cha kunyolea, gita magotini, na karatasi haina hata nukta.

Hapo ndipo nilipofanya dhambi. Nilichukua simu, nikafungua nyimbo nne mpya, zile zile ambazo nilikuwa nazicheka na Mzee, nikaokota mstari hapa, mstari pale, nikaiweka kwa Kiswahili. Nilijiambia Kiswahili kitaficha harufu. Kule hotelini nilikuwa nimeona watu wakizicheza nyimbo hizo Jumamosi nzima, na hakuna aliyewahi kuuliza zinasema nini.

Kulikuwa na tatizo la neno moja. Wale waimbaji wana gari lao wanaloliita truck, ambalo ukiliona kwenye video ni pikap tu ya kubeba ndizi. Nilijaribu kuimba pikap, ikakataa kuingia kwenye mdundo. Nikafungua kamusi, ikaniambia lori. Nikaweka lori, ikakaa vizuri sana.

Sasa niwaambie jambo ambalo mtu wa huku hahitaji kuambiwa. Mito yetu sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, na maji yako chini ya huo mchanga. Akina mama wanachimba, wanateka. Mchanga ukienda, maji yameenda. Na kuna watu huja na malori usiku, wakajaza, wakatoroka kwenda kuuza mjini. Kwa hivyo vijiji vina kamati za kulinda mto, na kamati ya kule kwa kina Mwende mwenyekiti wake ni Mzee Musembi. Katibu ni Mama Ndinda, jirani yake, mama ambaye hata chifu akimwona huvua kofia. Nilijua haya yote. Nusu ya hiyo kamati ndio wateja wangu.

Siku ya ntheo ikafika. Baba mdogo alitoka Kitui kuja kunisemea, maana mwoaji hajisemei. Mbuzi walikaguliwa meno, wakasifiwa. Beberu akachinjwa, akachomwa, akaliwa mpaka mifupa. Kamati yote ilikuwa pale, imekaa safu moja na sahani zao. Mwende alikuwa amevaa gauni la kijani na alikuwa ananiangalia mpaka nikasahau kwamba nimefanya ubaya.

Mzee akaniita. Nikasimama na kofia yangu. Na kwa kuwa moyo ulikuwa unanishtaki, nikafanya lile ambalo kila mwizi hufanya, nikaongeza maneno.

"Wazazi wangu," nikasema, "huu wimbo sijakopi mahali. Kila neno mtasikia limenipata mimi mwenyewe, kwa mwili wangu."

Watu wakapiga makofi. Nikaimba:

Nimeshusha lori langu mpaka mtoni,
mwezi umewaka, hakuna mtu njiani,
mimi na vijana wangu, nyuma tumejaza,
taa za askari zikija, zetu tunazima.
Mchanga kwa viatu, mchanga kwa nywele,
kabla jua kutoka tutakuwa mbele.

Kamati iliacha kutafuna. Mimi nilidhani wameguswa. Nikafumba macho, nikarudia kiitikio kwa hisia zaidi, hasa pale pa kujaza. Ubeti wa pili ulikuwa wa msichana wa jeans na chupa baridi, na sidhani kuna aliyeusikia.

Nilipofungua macho, Mama Ndinda alikuwa ameweka sahani chini.

"Kijana," akasema kwa upole, "hiyo lori ni ya rangi gani?"

Nilifurahi. Mzee alikuwa amenifundisha kwamba wimbo mzuri ni ule unaoulizwa swali na ukajibu.

"Nyekundu," nikasema.

"Na hao vijana ni wangapi?"

"Wanne, mama."

"Na mlishukia wapi kwa mto?"

"Pale chini kwa drifti," nikasema, pale barabara inapokatiza mto, kwa kuwa ndiyo sehemu pekee ya ule mto niliyojua kuitaja.

Mlinionaje nikisema hayo? Wiki mbili kabla, nami sikuwa na habari, lori jekundu lilikuwa limeingilia pale pale kwenye drifti, likajaza, likatoroka. Kamati ilikuwa inalitafuta mpaka Kikima. Na sasa dereva mwenyewe alikuwa amekuja na mbuzi, amevaa kofia, anaimba.

Makelele niliyoyasikia siwezi kuyaandika hapa. Mtu mmoja alisema mlango wa boma ufungwe. Mwingine akasema, "Ni hawa watu wa Kitui, mimi nilisema." Baba mdogo akanivuta shati na kuninong'oneza, "Sema umekopi. Sema sasa hivi."

Ningesema hapo, mambo yangeisha kwa kicheko. Lakini niliangalia nikamwona Mwende, nikamwona Mzee, na nikakumbuka vile tulivyokuwa tukiwacheka hao waimbaji. Nikaona afadhali niitwe mwizi wa mchanga kuliko niitwe mmoja wao. Mnasikia ujinga huo? Nikavuta pumzi nikasema, "Wimbo ni wangu. Kila neno."

"Basi tuite polisi," Mama Ndinda akasema, na akatoa simu kwenye lesso.

Simu ile ilinitosha. Nikavua kofia, nikasema nimekopi. Nikasema sina lori, sijui hata kuendesha, na kwamba vijana wanne niliowataja ni wawili tu wa bendi, na mmoja wao hupiga kinanda.

Mzee Musembi aliinuka polepole.

"Hata ungekuwa mwizi wa mchanga," akasema, "hiyo ningejua pa kuanzia. Unalipa, unalinda mto mwaka mmoja, mvua inaleta ingine. Lakini wewe umekaa na msichana wangu miaka mbili, nimekuomba mistari nne tu, na umeenda kuzitafuta Amerika."

Kisha Mwende akaongea, na hakuongea kwa hasira, nayo ikaniuma zaidi.

"Kwani mimi niko wapi kwa huo wimbo?"

Mungu anisamehe, nilimjibu. "Wewe ndio yule wa jeans."

"Mimi sijawahi vaa jeans," akasema, akaingia nyumbani.

Wazee walikaa kuamua. Majike wawili walifunguliwa, nikakabidhiwa kamba. Shida ikawa beberu. Upande mmoja ulisema mambo yamekufa. Upande mwingine ukasema beberu ameshaliwa na kila mtu aliye hapa, na mbuzi wa ntheo hatapikwi. Walibishana kwa muda mrefu, wengine wakiwa bado wanachokonoa meno. Mwishowe mzee mmoja akatangaza kwamba mbuzi mmoja kati ya watatu amepokelewa, kwa hivyo nimeoa theluthi moja. Sijui kama sheria hiyo ilikuwepo kabla yangu. Nilirudi Matiliku na majike wangu wawili nikipita katikati ya soko, siku ya soko.

Nililipia. Wateja walikuwa wakikaa kwenye kiti changu wananiuliza bei ya mchanga. Watoto walipita mlangoni wakiunguruma kama injini. Bendi ilinifukuza kwa sababu watu wa hotelini walianza kuomba "ile ya drifti." Hayo yote niliyavumilia. Lisilovumilika lilikuwa Ijumaa jioni, saa ambayo Mwende alikuwa akishuka kutoka Kiboko, akapita kinyozini kunisalimia, na sasa hakupita.

Baada ya miezi miwili alinitumia ujumbe. "Niandikie mstari mmoja tu wenye ni mimi."

Nikamwandikia kwamba macho yake yanang'aa kama nyota. Akajibu, "Hiyo ni ya mtu yeyote." Nikaandika kwamba anapenda chai. Akajibu, "Nani Kenya hii hapendi chai?" Nikaandika kwamba ana moyo mwema, na hiyo hakuijibu kabisa. Nilikaa kwenye kiti nikijaribu kukumbuka mwanamke ninayempenda, na kila nilichoshika kilikuwa ni cha msichana yeyote kwenye wimbo wowote. Hapo niliogopa kweli, kuliko hata siku ile ya kutishiwa polisi.

Nikaanza kwenda kanisani kwao Jumapili, nikakaa nyuma. Sikuenda kwa kutubu peke yake. Nilienda kuangalia.

Jumapili moja baada ya ibada kulikuwa na chakula, muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe. Mwende alikaa mwisho wa benchi, hakuna mtu kando yake. Nikamwona anafanya jambo nililolijua. Alikuwa anakula mahindi na kuyatenga maharagwe pembeni mwa sahani, moja moja. Miaka miwili alikuwa akifanya hivyo tukila pamoja, na mwishowe ananisukumia maharagwe yote, nami nayala. Nilijua tu kwamba hapendi maharagwe. Nilikuwa hata nikimtania.

Siku hiyo alimaliza mahindi, akaangalia kando, hapakuwa na mtu. Akaanza kuyala maharagwe mwenyewe. Aliyala polepole, moja moja, kama mtu anayekula nyama. Aliyapenda. Alikuwa ameyapenda siku zote.

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya choo cha kanisa nikalia, mwanaume mzima na mabuti.

Nikamwandikia hivi: "Mwende hutenga maharagwe ayale mwisho, halafu ananipa mimi, nami nilidhani hayapendi."

Siku ya tatu akajibu maneno matatu.

"Leta mbuzi mmoja."

Nilimpeleka jike mmoja asubuhi iliyofuata. Mzee Musembi alimpokea bila kunisalimia sana, lakini aliniuliza kama nina wembe mzuri, maana kinyozi wa pili anamkwaruza. Jike wa pili bado yuko kwangu, nimemfunga nyuma ya duka, na kila Jumapili naenda kukaa nyuma kanisani kutafuta mstari wa pili wa Mwende utakaomfungulia.

Basi wewe mwenzangu unayejiona mtunzi, cheka nyimbo za redio ukitaka, zina makosa mengi. Lakini kabla hujacheka, weka gita chini, ukae na wako akiwa anakula, na umtazame mpaka sahani iishe.